Mwongozo wa Kununua Sosi ya Saladi: Chupa Zenye Kazi Bakulini na Motoni

Chupa nyingi za sosi ya saladi hazimaliziki. Hununuliwa kwa ajili ya saladi moja, hutumika vijiko vichache, kisha husogezwa nyuma ya friji hadi tarehe ipite. Mara nyingi ladha haina kosa. Mnunuzi aliifikiria kwa kazi moja tu, na kazi hiyo ikaisha. Sosi ya saladi ni mafuta, kitu kichachu, chumvi na viungo vilivyokwisha kuchanganywa. Hivyo ndivyo vitu tunavyovitafuta tunapoloweka nyama, tunapochoma mboga, tunapokoleza maharage au tunapotaka kuupa uhai mlo uliopoa. Kwa hiyo nimezipanga hapa kwa kigezo kimoja: sosi inafanya kazi ngapi jikoni, na inajimudu vipi ikikutana na moto. Inayopendeza kwenye majani peke yake imeshuka chini, hata kama ni maarufu.

Geuza chupa kwanza

Mbele ya chupa ni tangazo, habari ziko nyuma. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi zaidi kikitangulia, kwa hiyo vitatu vya mwanzo vinakueleza karibu kila kitu. Chupa iliyochorwa tawi la mzeituni inaweza kuanza na mafuta ya soya, ikafuata maji, siki, sukari, na mafuta ya zeituni yakaja baadaye kabisa. Mafuta ya soya hayana ubaya wowote kwenye sosi. Ubaya ni kulipia zeituni ambayo haimo kwa kiasi cha maana.

Tafuta sukari iko wapi. Bakulini hilo ni suala la ulimi wako, lakini kwenye moto ni suala la kuungua: sosi yenye sukari, asali au shira katika nafasi tatu za mwanzo hugeuka nyeusi kabla nyama haijaiva. Kisha angalia sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani sodiamu chini ya miligramu 2,000 hivi. Vijiko viwili vikubwa vya sosi, ambavyo ndivyo kipimo cha kawaida kwenye lebo nyingi, mara nyingi hubeba miligramu 200 hadi 400. Na ni nani hupima vijiko viwili? Ukipikia sosi ya dukani, acha chumvi yako kando hadi chakula kiive na ukionje.

Wengi huogopa majina marefu yaliyo mwisho wa orodha. Zanthani, au E415, ni gundi inayotengenezwa na bakteria kwa kuchachusha sukari. Marekani iliiruhusu kwenye vyakula mwishoni mwa miaka ya 1960, na kazi yake ni kuzuia mafuta na siki visitengane. Mimi siikimbii. Ninachokikimbia ni gundi iliyowekwa kuziba pengo la mafuta, na nitalirudia hilo nikifika mwisho wa orodha.

1. Vinegreti ya haradali

Kama utanunua chupa moja tu, nunua hii. Ni mafuta, siki, haradali, chumvi, pengine na kitunguu kidogo. Kanuni ya zamani ni sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya siki. Haradali imo kwa ladha, lakini imo pia kwa kazi: ute wa maganda ya mbegu zake huzuia matone madogo ya mafuta yasikutane na kujitenga na siki. Ndiyo maana vinegreti yenye haradali hukaa imeshikana kwa muda mrefu kuliko ile ya mafuta na siki pekee, na hujipaka kwenye chakula badala ya kutiririka chini.

Bakulini ina masharti mawili. Majani yawe makavu, kwa sababu maji yaliyobaki baada ya kuosha huyazuia mafuta kushika na sosi yote huishia chini ya bakuli. Pia imiminwe wakati wa kula, kwani mafuta hupenya utando wa nta ulio juu ya jani na kulilegeza. Kabichi huvumilia. Letusi laini haikungoji.

Thamani yake kubwa lakini iko penye joto. Chemsha viazi, vikate vikiwa bado vinatoa mvuke, uvimiminie vinegreti papo hapo. Viazi vya moto huinywa sosi hadi ndani, vilivyopoa hupakwa juu tu. Maharage na dengu ni vivyo hivyo, ila subiri viive kabisa kwanza, maana uchachu ukiingia mapema kwenye chungu huchelewesha maharage kulainika. Mboga za kijani nazo zina tahadhari yake: siki huigeuza rangi ya kijani kuwa kama ya jani lililonyauka, kwa hiyo maharage mabichi yatiwe sosi dakika ya mwisho, mezani ikiwezekana.

Kwa mboga za oveni, kama karoti, koliflawa, vitunguu au maboga, gawa sosi mara mbili. Nusu ya kwanza ipake mboga kabla ya kuingia motoni ili mafuta yake yazikaushe na kuzipa rangi. Nusu ya pili imwagie zikitoka. Joto hufukuza ukali wa siki na kufifisha harufu ya majani ya viungo, na wanaoweka sosi yote mwanzoni hubaki wakishangaa kwa nini chakula chao hakina uchangamfu.

Kwenye kikaango, ukishakaanga kipande cha nyama au samaki, mwaga mafuta yaliyobaki, punguza moto, weka vijiko viwili vya vinegreti na ukwangue yale makoko ya kahawia yaliyoshika chini. Kwa nusu dakika una mchuzi mzito wenye uchachu, na hukuhitaji kufungua kitu kingine.

Na kuloweka nyama: chumvi ndiyo inayoingia ndani, uchachu hufanya kazi juu juu tu. Kwa sababu hiyo muda mrefu hausaidii, na kwa samaki unaharibu kabisa. Minofu ya samaki iloweke dakika 15 hadi 30. Ukizidisha, uchachu huanza kuipika na inakuwa mikavu kama chaki. Vipande vya kuku vinatosheka kwa saa moja hadi nne. Nyama ngumu ya ng'ombe inaweza kulala usiku mmoja kwenye friji. Sosi iliyogusana na nyama mbichi haimiminwi tena kwenye chakula kilichoiva, isipokuwa imechemshwa ikatokota vizuri.

Unaponunua, tafuta neno haradali kwenye viambato na hakikisha sukari haiko mbele. Na nitakuwa mkweli kwako: kama nyumbani tayari una mafuta mazuri, siki na kopo la haradali, hii ndiyo sosi rahisi kuliko zote kujitengenezea. Weka vyote kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa kwa nguvu, tumia. Pesa ya chupa ya sosi iongeze kwenye ubora wa mafuta.

2. Mayonezi halisi

Wapo watakaosema mayonezi si sosi ya saladi. Ndiyo msingi wa nusu ya chupa zilizopo rafuni, na jikoni hakuna yenye nguvu kama hii. Lesithini ya kiini cha yai hushikilia mafuta mengi ajabu ndani ya maji kidogo, na uzito wake wote unatokana na mshikamano huo.

Neno muhimu ni "halisi". Kwa kanuni za Marekani, kitu hakiwezi kuitwa mayonezi mpaka angalau asilimia 65 ya uzito wake iwe mafuta ya mimea na kiwe na kiini cha yai. Kuna kundi jingine linalofanana nayo kwa macho, lenye mafuta kuanzia asilimia 30, lililozidishwa kwa uji wa wanga na mara nyingi likatiwa utamu. Miracle Whip, iliyozinduliwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933, ndiyo inayojulikana zaidi katika kundi hilo. Kwenye mkate haina neno, wengi wanaipenda. Kwenye moto ni kitu kingine kabisa: maji yake mengi huchelewesha chakula kushika rangi, na utamu wake hujitokeza mahali usipoutaka. Kwa hiyo soma jina kamili, usinunue kwa umbo la kopo.

Mayonezi halisi inaweza kupakwa nje ya mkate unaobanikwa kikaangoni, badala ya siagi. Ikitoka kwenye friji hupakika bila kuuchana mkate, na haina yale masalia ya maziwa yanayofanya siagi iungue haraka, huku protini ya yai ikisaidia mkate kuwa wa kahawia kote kwa usawa. Ipake nyembamba juu ya samaki au kifua cha kuku, nyunyizia chenga za mkate, ingiza kwenye oveni: chenga hushika, nyama haikauki. Ichanganye na viungo na uitumie kama gundi kwenye nyama ya kuchoma. Viungo vitakaa pale ulipoviweka. Kwenye keki inachukua nafasi ya mafuta na sehemu ya mayai, na hakuna atakayetambua.

Isichokiweza ni kuchemshwa. Ukiiweka kwenye supu inayotokota, itakatika na mafuta yataelea juu. Ikibidi kuzidisha mchuzi kwa mayonezi, epua sufuria kwanza, lainisha mayonezi kwa mchuzi kidogo kwenye bakuli pembeni, kisha rudisha taratibu.

Kwa saladi ya viazi ninaichanganya na ile ya kwanza: vinegreti viazi vikiwa moto, mayonezi vikishapoa. Wanaoruka hatua ya kwanza hupata viazi vilivyofunikwa mafuta huku ndani havina ladha.

Kuhusu usalama, mayonezi ya kiwandani hutengenezwa kwa mayai yaliyopashwa joto kuua vijidudu, na uchachu wake unailinda. Ya nyumbani yenye yai bichi ni jambo tofauti. Ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku chache, na wajawazito, wazee, watoto wadogo na wagonjwa wasipewe.

3. Sosi ya ufuta na limau

Ningependa watu wengi zaidi waijue hii. Ni ufuta uliosagwa hadi ukawa uji mzito, yaani tahini, uliolainishwa kwa limau, maji, kitunguu saumu na chumvi. Haina yai wala maziwa, kwa hiyo inamfaa asiyekula vitu vya wanyama, na ina uzito ambao vinegreti haiwezi kuutoa.

Hapa ushauri wangu ni kununua kopo la tahini na kuchanganya mwenyewe. Za chupa nyingi zina maji na gundi nyingi kuliko ufuta. Usitishike ukianza kuchanganya: tahini ikipata limau kidogo hukaza ghafla kama inayoharibika. Endelea kuongeza maji kijiko kwa kijiko, itafunguka na kuwa laini na nyeupe. Mafuta yanayoelea juu ya kopo ni ya kawaida, koroga tu. Kwenye lebo kusiwe na kingine zaidi ya ufuta, labda na chumvi.

Motoni inafanya jambo ambalo sosi nyingine za uzito huu haziliwezi: inazidi kuwa nzito badala ya kukatika. Imwage juu ya samaki na uingize kwenye oveni, itakuwa tabaka laini lenye rangi ya dhahabu. Bilinganya zilizochomwa, koliflawa, viazi vitamu na dengu zote zinaipenda. Onyo ni moja, la mzio: ufuta umo miongoni mwa vyakula vinavyolazimika kutajwa kwenye lebo katika Umoja wa Ulaya, na Marekani iliuongeza kwenye orodha yake kuanzia Januari 2023. Uliza wageni kabla ya kuwaandalia.

4. Ranch, hasa ya unga

Ranch ilianza miaka ya 1950 kwenye shamba la Hidden Valley karibu na Santa Barbara, California, ambako Steve Henson aliwaandalia wageni wake mchanganyiko wa mtindi mwepesi, mayonezi, kitunguu, kitunguu saumu na majani ya viungo. Wageni wakataka kwenda nayo nyumbani, na ikauzwa kama pakiti ya viungo vikavu ambavyo mnunuzi huchanganya mwenyewe na maziwa na mayonezi. Kampuni ya Clorox ilinunua jina hilo mwaka 1972. Ya chupa ilikuja baadaye.

Nasimulia hayo kwa sababu hadi leo pakiti ndiyo bora kuliko chupa kwa anayepika. Ya chupa ni mafuta ya soya na maji kwa wingi, na ni nzuri kwa kuchovya. Ya unga unaichanganya na mtindi halisi unapotaka sosi, na siku nyingine unaitupia kwenye viazi vya oveni, kwenye unga wa kukaangia kuku, kwenye nyama ya kusaga au kwenye bisi. Haihitaji friji na haiharibiki upesi. Ina chumvi nyingi, basi hesabu hiyo kabla hujaongeza yako.

Ukiichanganya na mtindi, hapo una maji mazuri ya kuloweka kuku. Asidi ya mtindi ni ya upole kuliko siki, kwa hiyo kuku anaweza kulala humo usiku kucha bila nyama ya juu kugeuka rojorojo. Mkung'ute vizuri kabla ya kumpaka unga.

5. Caesar

Caesar Cardini, mhamiaji kutoka Italia, alikuwa na mgahawa Tijuana, Mexico, wakati pombe imepigwa marufuku Marekani na Wamarekani wakivuka mpaka kwenda kula na kunywa. Saladi yenye jina lake inahesabiwa kuzaliwa huko mwaka 1924. Sosi zake za leo zina jibini gumu, kitunguu saumu, yai, na dagaa wa chumvi aina ya anchovi, na hao ndio wanaoipa ladha nzito inayobaki mdomoni.

Kwa ladha hiyo ningeipandisha juu zaidi. Imeshushwa na jibini lake, ambalo hushika chini ya kikaango na kuungua. Itumie kwenye oveni: paka kabichi iliyokatwa vipande vinene, au kuku, ongeza chenga za mkate. Ukitaka kuichanganya na tambi, epua kwanza na uongeze kijiko cha maji ya tambi. Asiyekula samaki asome lebo, kwa sababu anchovi hawaonekani kwa macho wala hawajitangazi kwa harufu. Chagua ambayo jibini na anchovi vimetajwa kwa majina. Ikiwa imeandikwa "ladha ya jibini", iache.

6 na 7. Ya Kiitaliano, na ya asali na haradali

Naziweka pamoja kwa sababu kila moja ina kazi moja kubwa. Sosi ya Kiitaliano, ile nyembamba yenye vipande vya pilipili hoho na oregano, ni ya kulowekea kuku wa kuchoma na kumimina kwenye saladi ya tambi baridi. Kimsingi ni vinegreti isiyo na haradali, hivyo hutengana haraka na inahitaji kutikiswa kila mara. Ukiwa na namba moja huikosi sana.

Ya asali na haradali ni ya kung'arisha nyama. Isubirishe: nyama iive karibu yote, kisha ipake dakika tano hadi kumi za mwisho, mara mbili ikiwezekana. Ukiipaka mwanzoni utachoma sukari na kubaki na ukoko mchungu. Na kama ina asali halisi, mtoto ambaye hajafikisha miezi 12 asiionjeshwe, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, ambazo utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kuzidhibiti. Watu hukumbuka hilo kwenye asali ya chupa, wakalisahau kwenye sosi.

8. Balsamiki

Hapa pesa hupotea kuliko popote pengine, kwa hiyo twende polepole. Siki ya balsamiki inatoka eneo la Modena, Italia, na chini ya jina hilo kuna vitu viwili vilivyo mbali sana. Ile ya jadi, yenye alama ya DOP (alama ya Ulaya ya kulinda asili ya bidhaa, iliyo kali kuliko IGP), hutengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyopikwa na kuzeeshwa kwenye mapipa ya mbao kwa angalau miaka 12, au 25 kwa daraja la juu. Inauzwa kwenye vichupa vidogo na hutiwa kwa matone juu ya chakula kilichokwisha andaliwa. Usiipike kamwe. Yenye alama ya IGP huchanganya maji ya zabibu na siki ya divai, ikakaa angalau siku 60, na inaruhusiwa kutiwa rangi ya karameli. Hiyo ndiyo ya jikoni.

Kati ya chupa za IGP, angalia kilichotangulia. Maji ya zabibu yakiwa mbele, ni nzito na tamu zaidi. Siki ya divai ikiwa mbele, ni nyepesi na kali. Zote zina matumizi, lakini bei yazo isiwe moja.

"Sosi ya balsamiki" iliyokwisha kuchanganywa na mafuta ndiyo ninayokushauri uiruke, maana mara nyingi ina sukari nyingi na siki yenyewe kidogo. Nunua siki ya IGP, changanya mafuta mwenyewe. Siku nyingine ichemshe kwenye sufuria ndogo hadi ipungue nusu, upate shira ya kumwagia vitunguu vya kuchoma, nyanya, jibini au stroberi. Fungua dirisha unapoichemsha, mvuke wake unawasha macho.

9. Thousand Island

Jina linatokana na visiwa vya Mto St. Lawrence, mpakani mwa Marekani na Kanada. Ni mayonezi iliyotiwa sosi ya nyanya na achari ya matango iliyokatwa ndogo ndogo. Kwenye nyama ya kusaga ndani ya mkate ni tamu kweli. Motoni hukatika na kuungua kwa wakati mmoja. Kama una mayonezi, sosi ya nyanya na achari, unayo tayari, na unaweza kutengeneza ya mlo mmoja bila kubaki na chupa.

10. Zisizo na mafuta

Nimeziweka mwisho, na hapa nina msimamo mkali. Mafuta yakitolewa, wenye kiwanda hujaza nafasi kwa maji, wanga, gundi na mara nyingi sukari. Wanaozinunua hufanya hivyo kwa nia njema ya afya, ndiyo maana inaniuma. Karotini, yaani rangi za asili za karoti, nyanya na majani ya kijani, pamoja na vitamini A, E na K, huhitaji mafuta ili mwili uzipokee. Mwaka 2004 watafiti wa Iowa State University walichapisha matokeo ya jaribio dogo: watu walipokula saladi yenye sosi isiyo na mafuta, karotini zilizoingia mwilini zilikuwa karibu na hakuna, sosi ikiwa na mafuta, ziliingia kwa wingi. Anayenunua mboga nzuri kisha akazimwagia maji yaliyozidishwa kwa gundi anajinyima sehemu ya kile alichokilipia.

Anayetaka kupunguza kalori ana njia bora. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo punguza kiasi: kijiko kimoja cha vinegreti ya kweli, kikichanganywa kwa mikono kwenye bakuli kubwa mpaka kila jani lipate, kinatosha kuliko vijiko vitatu vilivyomwagwa juu. Au nunua mtindi usiotiwa sukari, uongeze limau, kitunguu saumu na mafuta kidogo. Kama daktari amekuagiza usile mafuta, hilo ni jambo lako na daktari wako, fuata alichokuambia.

Ukubwa wa chupa na pa kuiweka

Chupa kubwa huonekana nafuu kwenye hesabu ya bei kwa gramu, lakini hesabu hiyo ina maana ukiimaliza. Mayonezi iliyofunguliwa hubaki na ubora wake takriban miezi miwili kwenye friji. Kwa nyumba ya watu wawili, kopo dogo ni bora. Vinegreti huvumilia zaidi, lakini mafuta yake huchacha taratibu. Harufu ya njugu za zamani au ya rangi ya ukutani ndiyo dalili. Kabla ya kuchukua chupa rafuni, iangalie: kama ni ya mtindi au mayonezi na ina maji au mafuta yaliyojitenga juu, imepitia joto kali au baridi ya kugandisha, irudishe. Vinegreti ikitengana, hapo hakuna neno, tikisa. Na ikiwa na mafuta ya zeituni, itaganda na kupoteza ung'avu wake ndani ya friji. Itoe dakika kama ishirini kabla ya kula, itarudi.

Sosi ya kujitengenezea yenye kitunguu saumu kibichi usiiache mezani. Kitunguu saumu kikikaa ndani ya mafuta kwenye joto la kawaida, bakteria wa botulizimu hupata mahali pasipo hewa pa kuzaliana. Za kiwandani zimetiwa uchachu wa kutosha kuzuia hilo. Yako haina kipimo. Iweke kwenye friji, na baada ya siku nne tengeneza nyingine.